Tunaenda kwa Nani Malindi

Mama yangu hakuwa amewahi kuiona bahari. Daktari wa macho alinieleza, mama akiwa ameketi kando yangu akijifanya hasikii, kwamba presha ya macho imekwisha kulimaliza jicho la kushoto, na la kulia hawezi kutuahidi lolote. Tulipotoka kliniki nikamwambia mama kwamba mwezi wa nane tutakwenda Malindi wiki nzima. Akasema, "Sawa," kama mtu anayemjibu mtoto.

Jumamosi iliyofuata niliondoka nyumbani kwangu Kiamunyi nikapanda mlima hadi kwake, mbele kidogo ya Sachangwan, nikiwa na ratiba niliyoichapa kazini. Nilimsomea yote: treni Jumapili, magofu ya Gede Jumanne, Watamu Jumatano, Marafa Alhamisi. Yeye alikuwa akimenya viazi kwa kupapasa. Nilipomaliza akauliza, "Na huko Malindi tunaenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, mama. Nimekodi nyumba."

"Ya nani?"

"Simjui. Tumeandikiana tu kwa simu."

"Sasa tukifika, ni nani atatuuliza habari ya safari?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nilipokuwa nikiteremka kurudi mjini nilikumbuka kwamba katika utoto wetu hakukuwa na safari isiyo na mwenyeji. Tulienda Lanet kwa shangazi, si Lanet. Mama alijaza kikapu tangu jana yake: viazi, kabeji, chupa ya maziwa iliyozibwa kwa karatasi ya nailoni, na kuku aliyefungwa miguu akichungulia nje kama abiria mwenzetu. Shangazi alitupokea langoni, akakichukua kikapu kabla ya kutusalimu. Watoto tulilala sebuleni, sita kwenye godoro moja, tumelilalia kwa upana. Siku ya kuondoka kikapu kilirudi na sukari, au gauni lililombana binti yake, kwa sababu kukirudisha kitupu kungekuwa kumfukuza mtu. Baadaye nilisoma, nikapata shahada na kazi ya kusafiri kwenda semina na kulala hotelini, nikazoea kupokewa kwa kutia sahihi. Niliyaita hayo maendeleo. Nimelala katika vyumba vingi mno, na sikumbuki uso wa hata mtu mmoja aliyenifungulia mlango.

Nilirudi kwa mama mara mbili zaidi. Mara ya kwanza alisema hawezi kusafiri, ng'ombe yu karibu kuzaa. Mara ya pili alisema kina mama wa kanisa wana zamu ya kukutana kwake. Siku hiyo ya pili alinimiminia chai kando ya kikombe, ikatiririka mezani hadi mapajani mwangu. Alipangusa meza kwa kupapasa. Nilijua kwamba tukingoja mwaka mwingine nitakuwa nampeleka kuisikia bahari tu.

Hapo hapo nikamwandikia mwenye nyumba, nikaomba namba ya anayeitunza. Nikapiga, nikamwambia niko na mama, nikaweka simu mezani ili naye asikie.

"Shikamoo, mama," sauti ya mwanamke ikasema.

Mama akaninong'oneza, "Huyu anaongea kama redio." Kisha, kwa sauti ya wageni: "Marahaba. Ni wewe unakaa kwa hiyo nyumba?"

"Naishi uani, na wanangu wawili."

"Viazi huko mnapata?"

"Twapata, lakini vimechoka na safari."

"Nitakuletea vya Molo. Na maziwa."

"Maziwa yataganda njiani, mama, huku joto."

"Yakiganda tutayaita mala."

Yule mwanamke akacheka sana. Akasema atampikia samaki wa nazi.

"Mimi samaki namwogopa," mama akasema. "Ana miiba." Akaizungusha simu mezani. "Nikuambie ukweli, mama, macho yangu yanaisha. Miiba siioni."

Hakuwa amemwambia mtu, hata wale wa kanisani.

"Nitakutolea mimi," sauti ikajibu, bila haraka. "Utakula tu."

"Na bahari iko mbali na hapo kwako?"

"Dakika tano kwa miguu."

"Basi utanishika mkono, unipeleke. Huyu wangu hutembea mbiombio."

Nakiri niliona wivu. Safari niliitafuta mimi, na mkono ukapewa mtu tusiyemjua. Simu ilipokatika mama aliniagiza nimsomee tena ile ratiba, pole pole. Watamu akaikataa. Marafa pia akaikataa.

"Hizo siku tutakuwa kwa mwenyeji wetu," akasema. "Mtu hawezi kukupikia halafu unashinda barabarani."

Nikachukua kalamu nikafuta Jumatano na Alhamisi. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama dirishani, akimwita jirani wa ng'ambo ya ua. Alikuwa akimwambia kwamba mwezi wa nane asimtafute, atakuwa ameenda kutembelea watu Malindi.