Vumbi la Chini ya Paa Kubwa

Mwaka 1917, masika yalipokwisha, tulimpoteza kaka yangu mkubwa. Siku yenyewe hatuijui. Alichukuliwa na jeshi la Waingereza kubeba mizigo ya vita, na jirani yetu mmoja aliyekuwa pamoja naye akarudi peke yake. Alisema alimwacha Dar es Salaam akiumwa tumbo, amelala juu ya gunia chini ya paa kubwa kuliko la kanisa letu, penye nguzo ndefu. Zaidi ya hapo hakujua. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Uso wa kaka siukumbuki, na sitadanganya kwamba naukumbuka. Ninachokumbuka ni mgongo wake, maana alikuwa akinibeba tukienda kukata majani ya ng'ombe.

Kwetu mlimani mtu huzikwa kwao, migombani, na kaburini hupandwa isale, mmea wetu wa heshima. Asiyezikwa hapo bado yuko njiani. Kwa hiyo mama hakukubali tumlilie, wala hakukubali mlango wa nyumba yetu utiwe komeo usiku, asije akafika akakuta pamefungwa. Chui walikuwa wangali wakishuka kutoka msituni, lakini komeo lilibaki limeegemezwa ukutani mwaka hadi mwaka, mpaka likaliwa na mchwa upande mmoja.

Nilikuwa nimeshaolewa na kufiwa na mume wakati kanisa letu lilipotafuta watu wa kujitolea kwenda Dar es Salaam. Watu wa bara waliohamia Kariakoo walitaka kanisa dogo la kusalia. Wanaume wangejenga, sisi wanawake tungepika, tungeteka maji na kupaka chokaa. Nilijitolea. Mama, ambaye alikuwa mzee sasa, aliniagiza kitu kimoja tu.

"Niletee udongo wa pale alipolala."

Mahali penyewe sikuhangaika kupatafuta. Mwenye nyumba tuliyofikia, bibi mmoja Mmanyema aliyezeekea mtaa ule, alinionyesha kwa kidole siku ya kwanza, nilipomweleza habari za kaka. Paa lile sasa lilikuwa soko. Alisema Wajerumani walilijenga, vita vikaingia, kisha Waingereza wakawalaza humo wapagazi wao, na hata jina la Kariakoo lilitokana na jina la Kiingereza la wapagazi hao. Kila asubuhi nilipita nje yake na debe la maji kichwani. Kila asubuhi nilijiambia, kesho.

Jumamosi ya mwisho kazi ilisimama. Chokaa ilikuwa inakauka, na siku iliyofuata kanisa lingefunguliwa, kisha turudi kwetu. Msimamizi akasema tupumzike. Wenzangu walivuka Mnazi Mmoja kwenda kutazama meli na maduka ya Wahindi. Mimi nilikaa barazani.

"Wenzio wamekwenda kushangaa mji, wewe unashangaa ukuta wangu?" bibi aliniuliza.

"Nimechoka, bibi."

"Mtu aliyechoka hulala. Wewe unaogopa. Inuka, jifunge kanga vizuri, twende. Na ukinusa samaki usinizimikie sokoni. Nyinyi Wachaga samaki mnamwona nyoka."

Alisema kweli juu ya yote mawili.

Mlangoni bibi alinivuta mkono. Nilikuwa nimelifikiria paa lile tangu utoto, na katika mawazo yangu lilikuwa jeusi, la chini, kama pango. Kumbe lilikuwa juu sana. Nguzo zilipanda, na huko juu mwanga uliingia kwa pembeni ukashuka ndani ya vumbi polepole, na ndege waliruka humo kama wako nje. Chini yake watu walikuwa wengi kuliko niliopata kuwaona mahali pamoja. Walinadi mihogo, nazi, viazi, kuku waliofungwa miguu. Nikafikiri: kila penye kikapu alilala mtu. Walitoka wapi wote, na mama zao wangapi hawafungi milango? Nilisimama na mdomo wazi kama mjinga.

Ndipo nikatazama chini. Sakafu ilikuwa ya saruji. Hapakuwa na udongo hata wa kujaza kiganja.

Nilizunguka nguzo moja baada ya nyingine nikiinama, mpaka mzee mmoja mwenye kofia, muuza ng'onda, akanipigia kelele.

"Mama, umeangusha nini? Kama ni pete, sahau. Hapa hata meno huokotwa."

"Natafuta udongo," nilisema.

"Udongo! Umepita mji mzima wa mchanga, ukaja kutafuta udongo kwenye saruji?"

Wenziwe wakacheka. Bibi akamgeukia. "Ungeuliza kwanza, ndipo ucheke, baba."

Basi akauliza, nami nikamweleza: kaka, gunia, mlango, mama. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaondoa samaki wake wote waliokaushwa, tenga kwa tenga, akavuta ubao aliowapangia. Nyuma yake, pale nguzo ilipokutana na sakafu, palikuwa na ufa uliojaa vumbi la miaka.

"Ufagio haufiki hapa," alisema. "Lakini mama, sijui kama alilala kwenye nguzo hii."

"Hata mimi sijui."

"Haya. Chota."

Nilipiga magoti, nikakwangua kwa kijiti na kutia vumbi kwenye leso yangu. Lilikuwa jeusi, limechanganyika na magamba ya samaki na makapi ya mtama. Nilipoinua kichwa kelele zilikuwa zimepungua upande ule wa soko. Mzee aliniuliza kaka alikuwa dini gani.

"Hakuwa Mwislamu. Wala hakuwahi kubatizwa."

Alipangusa mikono yake. "Basi tumwombee tu. Mwenyezi Mungu anamjua kuliko sisi."

Akainua viganja. Bibi akainua. Muuza nazi akaweka panga chini, akainua. Wengine ambao hawakusikia hata habari yenyewe waliona viganja na wao wakainua vyao, wamesimama kati ya matenga, midomo ikienda taratibu. Mimi niliyekuwa nimesali kanisani maisha yangu yote sikujua mikono yangu niiweke wapi. Niliinua leso. Tangu kaka apotee, hapakuwa na mtu aliyewahi kumwombea kama mtu aliyekufa.

Halafu muuza nazi akashika panga lake, na kelele zikarudi.

Mchana ule nililala usingizi barazani kwa bibi mpaka wenzangu waliporudi kutoka bandarini. Walisimulia meli yenye madirisha mengi kuliko nyumba ya mkuu wa wilaya.

Tulisafiri kwa meli hadi Tanga, kisha kwa treni. Mama alikuwa amekwisha kuchimba kashimo migombani na isale imewekwa kando. Aliifungua leso, akainusa, akakunja uso.

"Inanuka nini?"

"Samaki, mama. Siku hizi pale ni soko."

"Alikula samaki huko?"

"Sijui, mama."

Akalipekua vumbi lile kwa kidole. "Alikuwa mtoto wa kuchagua chakula," alisema. Kisha akalimimina shimoni, akafukia kwa mikono, akapanda isale. Alilia hapo mpaka jua likaondoka migombani.

Jioni tulikula. Nilipotandika pa kulala, mama alinyanyuka akishikilia ukuta, akalichukua lile komeo lililoliwa na mchwa, akalitia mlangoni.