Gilet Mbili na Kamba ya Kuanikia Nguo

Mimi ni mutu wa mlima. Nimezaliwa Masisi, na kwetu maji mengi kuliko yote ni yale ya kunywesha ng'ombe. Mutu akisema amevuka maji, ujue ameruka kijito na viatu viko mkononi. Kwa hiyo nilipoolewa Goma na mvuvi, mama yangu hakulia kwa sababu naenda mbali. Alilia kwa sababu ya ziwa.

Bwana yangu alizaliwa kando ya Kivu na aliogelea kabla ya kujua kuvaa suruali. Yeye sikumwogopea sana. Niliyemwogopea ni mudogo wangu.

Huyo alitufuata Goma akiwa kijana wa kuoa, amechoka kuchunga ng'ombe za watu, na bwana yangu akamuchukua kwenye mutumbwi wake. Hakujua kuogelea hata kidogo. Mama alimsindikiza mwenyewe, juu ya kamyo, lori la makabichi, akakaa kwetu siku mbili. Alikuwa amezika watoto watano. Tulibaki sisi wawili tu. Asubuhi ya kurudi alinishika mkono mbele ya mlango, akaniambia: "Nakuachia huyu. Usinitumie habari mubaya." Akapanda kamyo yake. Mimi nikabaki na yale maneno, na tangu siku ile kila asubuhi niliteremka ufukoni na beseni yangu mapema kuliko wanawake wengine wote. Walidhani nawahi samaki wazuri. Nilikuwa nawahi kuhesabu vichwa vinavyorudi: kimoja, viwili, Mungu asante.

Hiyo ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati wanaume wanavaa abacost, lile koti la kufunga mpaka shingoni bila tai, na kila mutu anaitwa citoyen, mwananchi. Muzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Bwana yangu alikuwa akimuchungia mashua yake ya kutembelea siku ya Mungu. Siku ya kuagana, yule muzungu akampa zawadi: gilet mbili, zile za kuvaa kifuani ili mutu asizame.

Bwana yangu alizileta nyumbani kwetu, mtaa wa Katoyi, akaziweka juu ya meza kama mutu aliyeleta nyama ya sikukuu. Zilikuwa ndugu wasiofanana. Moja ilikuwa nene, rangi ya chungwa iliyopauka, na ndani yake wameshona vipande vya mti mwepesi, ule wa vizibo vya chupa za divai. Ilinuka panya. Ukiivaa mikono haishuki vizuri, na kuvuta wavu nayo ni jasho tupu. Ya pili ilikuwa mpya, nyembamba, inalala shingoni na kifuani bila uzito. Ndani yake hakuna kitu, ni hewa tu, na hiyo hewa yenyewe bado haijaingia. Pembeni kuna kachupa kadogo ka chuma kenye gesi. Ukianguka majini unavuta kamba, gesi inaingia, gilet inavimba. Kama gesi imekataa, kuna kamrija ka kupuliza kwa mdomo.

Jirani yetu, muzee aliyependa kuja saa ile chakula kinaiva, aliuliza ni gesi gani hiyo. Bwana yangu akamweleza vile muzungu alivyomweleza. Muzee akarudisha kiti nyuma. "Lakini hiyo ni mazuku!" Kila mutu wa Goma anajua mazuku, ule upepo mubaya unaolala kwenye mashimo ya mawe ya volkano na kuua mbuzi bila kelele. "Sasa weye unataka shemeki yako abebe mazuku kifuani? Wabaya wangapi wako humu mjini, mpaka weye unafuga wako ndani ya chupa?" Tulicheka mpaka muzee akasahau kwamba alikuja kula. Hapana, hakusahau.

Bwana yangu hakuwa mutu wa maneno mengi. Alisema: "Mimi najua kuogelea, nitachukua nyembamba. Shemeki achukue nene. Hiyo haingoji kuvutwa kamba, inaelea yenyewe."

Mudogo wangu akaiangalia ile nene kama mutu aliyeonyeshwa bibi arusi asiyemtaka. "Hii? Nitembee nayo ufukoni? Wale wanawake wa samaki watasema nina mimba ya miezi minane." Akaivaa, akazunguka nyumbani anashika kiuno na kuhema kama mama wa mapacha. Alikuwa na mzaha, yule. Halafu mzaha ukaisha, akanuna siku tatu nzima, na siku ya tatu akasema labda bora arudi mlimani, ng'ombe hawamwambii avae nini.

Hapo ndipo mimi nilipokosa kwa mara ya kwanza. Moyoni nilikuwa upande wa bwana yangu. Kitu kinachongoja siku ya hatari ndipo kianze kufanya kazi, mimi sikiamini, awe ni mutu au ni gilet. Lakini nilisikia "nirudi mlimani" nikaogopa kubaki peke yangu kati ya watu wa ziwa. Nikamwambia bwana yangu: "Papa, mupe tu ile nyembamba. Bora avae ile anayoipenda kuliko kuacha ile asiyoipenda chini ya kitanda." Aliniangalia kidogo. "Bon. Ni mudogo wako." Na yeye akavaa nene, na wanawake wa ufukoni wakamuuliza mimba ina miezi mingapi, akawajibu ni mapacha, basi ikaisha.

Baada ya wiki chache mudogo wangu akapata wazo. Kulikuwa na binti kule Masisi aliyekuwa anamwandikia barua. Alitaka kumtumia picha. Na si picha ya hivi hivi: alitaka kuazima abacost ya rafiki yake, avae na gilet juu, apigwe kule mtaa wa Birere kwa mpiga picha mwenye pazia lenye mlima na ndege. Nilimwambia utaonekana kama mutu anayengoja mafuriko kanisani. Lakini nilifurahi. Mutu anayetuma picha hana mpango wa kurudi.

Sasa ile gilet ilinuka tilapia. Jumamosi asubuhi, wanaume wamelala baada ya kazi, niliichukua bila kumuuliza mutu. Nikaisugua na sabuni na brosi, mbele na nyuma, mpaka rangi ikawaka. Halafu nikaianika vile kila mutu wa Goma anavyoanika. Huko Goma hakuna majani ya kutandazia nguo, na huwezi kuchimba shimo la nguzo, chini ni jiwe jeusi tu, moto wa zamani uliopoa. Nguo zote, za harusi na za mutoto, zinatandazwa juu ya mawe, na mawe yanashika joto zinakauka haraka. Upepo ulikuwa mwingi asubuhi ile. Nikaogopa usiipeleke kwa jirani. Nikachukua mawe mengine manne mazito nikayaweka juu yake, moja kila pembe, nikakandamiza vizuri.

Mawe yale yanachana kisigino cha mutu aliyezaliwa juu yake. Nilijua hivyo. Lakini shuka ikitoboka unashona. Sikufikiri kuna nguo ambayo tundu la sindano linatosha kuiua.

Picha ikapigwa mchana ule. Nilimsindikiza. Alisimama mbele ya pazia, kidevu juu, mkono kwenye ile kamba ya kuvuta, kama mkubwa wa jeshi la majini la nchi isiyo na bahari.

Jumatatu asubuhi nilikuwa ufukoni na beseni. Walikuwa wametega nyavu jioni, na sasa wanazitoa, si mbali, niliweza kuona rangi ya chungwa ya bwana yangu na ile inayong'aa ya mudogo wangu. Upepo ukatoka upande wa kisiwa cha Idjwi bila kubisha hodi. Ziwa lilibadilika rangi kwanza, halafu likaanza kusimama. Mutumbwi wao ulikuwa umelala upande kwa sababu ya wavu wa mwisho uliojaa. Wimbi la pili likaugeuza kama mutu anayegeuza chapati.

Nilipiga kelele moja tu. "Yesu Maria!" Wanawake wenzangu walinishika, maana nilikuwa nimeshaingia majini mpaka magoti, mimi nisiyejua hata kuoga kwenye mto. Niliona rangi ya chungwa ikielea. Ile nyingine sikuiona. Nilimwona mama yangu amesimama mlangoni kwake kule mlimani anangoja kamyo ya habari. Wallahi nilimwona.

Mambo ya majini nilielezwa baadaye. Mudogo wangu alianguka akavuta kamba kama alivyofundishwa. Gilet ikavimba, akaelea, akaanza hata kucheka. Halafu ikaanza kupumua, fsss, fsss, kwenye pembe zote, na yeye akaanza kushuka nayo. Bwana yangu akafungua ile nene mwilini mwake, katikati ya mawimbi, akaisukuma chini ya makwapa ya shemeki yake, akakaa majini bila kitu, anamshika kola mpaka mutumbwi wa watu wengine ukawafikia.

Walimlaza kwenye mchanga mweusi. Alitapika maji mengi. Akafungua macho, akaniona nalia vibaya, akasema: "Dada, kama picha imetoka mubaya, sirudii tena." Nilimpiga kofi. Halafu nikamshika kichwa nikakibana kifuani mpaka akaomba nimwache apumue.

Jioni ile muzee jirani alikuja na hukumu yake tayari. "Si nilisema? Mazuku ilipata mlango, ikarudi kwao." Bwana yangu hakucheka. Alikuwa amejaza maji kwenye beseni kubwa. Akachukua ile gilet nyembamba, akaipuliza kwa mdomo kupitia kale kamrija, akaizamisha. Vipovu vikapanda. Nilikuwa ninakoroga fufu ya muhogo, lakini niligeuza kichwa nikaona. Vipovu vilitoka sehemu nne. Moja kila pembe.

Moto ulikuwa na moshi, nashukuru, kila mutu alidhani machozi yangu ni ya moshi. Nilijichukia. Ningeweza kusema pale pale, na sikusema. Mudogo wangu alikuwa amekaa kwenye blanketi, amechoka, mzima, na mimi nilikuwa nimemtoboa kwa mikono yangu. Bwana yangu alitoa gilet majini, akaikamua, akasema tu: "Vitu vya wazungu. Siku ya kazi vinakukana." Akaitia kwenye gunia.

Kesho yake alileta nguzo mbili za mkaratusi. Kwa kuwa huwezi kuchimba, alizisimamisha nyuma ya nyumba na kuzizungushia mawe mengi mpaka magotini, akafunga kamba ya wavu kati yake. Nikamuuliza ni ya nini. "Ya nguo," akasema. "Juu ya mawe zinazeeka upesi." Barabara nzima ilitucheka. Sisi peke yetu tulikuwa na nguo zinazoning'inia kama nyama za kukausha. Mimi nilianika, sikuuliza tena.

Mudogo wangu aliendelea na ziwa. Alivaa ile nene kila siku, na wanawake wakimuuliza mimba, alijibu imefika mwezi wa tisa ila mutoto hataki kutoka. Yule binti alipokea picha, akamwachia mama yetu, akaja kuolewa. Picha ile iko kwa mama yetu mpaka leo, ukutani, karibu na Bikira Maria, na kila mgeni anaonyeshwa gilet inayong'aa iliyookoa mutoto wake wa mwisho. Sikumwambia hata mara moja kwamba wakati picha ile inapigwa, gilet ilikuwa imeshakufa.

Miaka tisa ikapita. Asubuhi moja kamba ilikatika, mashuka yangu yote chini. Bwana yangu akaleta mpya, akapanda juu ya yale mawe ya nguzo kuifunga. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni ya mashuka niliyosuuza upya. Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha vya kutosha.

"Papa. Ile gilet. Ni mimi niliyeianika kwenye mawe."

Hakugeuka. Mikono yake iliendelea na fundo. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile beseni. Pembe nne. Nani mwingine anaweka mawe pembe nne?"

Nilitaka kukaa chini, lakini nilikuwa na beseni. Nikasema karibu nimuue. Karibu nimuue mutoto wa mama yangu.

Hapo akageuka. Uso wake ulikuwa wa mutu anayeungama. "Siku ananipa zile gilet, muzungu aliniambia ile nyembamba itundikwe kwenye kamba, kivulini, isiguse jiwe. Alisema mara mbili. Mimi nilifika nyumbani, nikakuta chakula, nikasahau kukuambia. Shemeki angezama, aliyemuzamisha ni mimi, si weye. Miaka yote hii naogopa utaniuliza kwa nini nilifunga hii kamba."

Kuku alipita kati yetu. Bwana yangu bado alikuwa juu ya mawe, ncha ya kamba mkononi, ananiangalia, anangoja.

"Kaza vizuri," nikamwambia. "Haya mashuka yana maji mengi."

Akakaza.