Siku Wafumaji Walipoondoka Uwanjani

Usiku ule nililala kitanda kimoja na binti yangu Neema kwa sababu alikuwa na homa. Mkono wangu ulikuwa kifuani pake, nikisikiliza joto lake, mpaka usingizi ukanichukua bila kuniaga. Jioni yake ilikuwa imenielemea. Mzee Gino alikuwa amepiga simu kutoka Italia.

Gino alikuwa mtunza vifaa wa klabu aliyochezea marehemu mume wangu, Elia. Ni mzee mfupi wa kikohozi, aliyefua na kukunja jezi za klabu ile tangu ujana wake hadi siku ilipofilisika na geti la uwanja likafungwa mnyororo. Elia alikuwa beki. Alizaliwa Machame, akacheza Moshi mjini, na kutoka hapo akachukuliwa hadi mji mdogo chini ya milima ya theluji, mji wa viwanda vya sufu, ambako watu waliiita timu yao Wafumaji. Nilimfuata tulipooana. Jioni, mimi nikichagua mchele, yeye alinisimulia historia ya timu ile kama mtu anayesimulia ukoo wake: walioianzisha, waliopanda nayo ligi kuu, waliokwenda vitani na jezi zao wakaziacha kwenye misumari.

Alifariki mazoezini, asubuhi ya jua. Hakuna aliyemgusa. Alianguka tu, moyo ukasimama, nami nikiwa na mimba kubwa ya Neema. Mji mzima ulikuja kunishika mkono. Waliomba alale kwao, kwenye pembe ya makaburi walikolala wachezaji wa zamani, nami nikakubali, maana nilikusudia kumlea mtoto palepale karibu na baba yake. Haukupita muda klabu ikafa. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya klabu. Nikarudi nyumbani na mtoto mgongoni.

Sasa Gino alikuwa akiniambia kwa simu, taratibu, ili Kitaliano changu kilichochakaa kimfuate: "Binti yangu, huku kaburi la ardhini halikai milele. La Elia muda wake umefika. Watafukua. Ama mifupa itawekwa kwenye chumba cha wote, pamoja na wenzake, ama uichukue wewe. Wanasubiri neno lako."

"Na wewe unaonaje, mzee wangu?"

Alikohoa. "Mimi nampelekea maua kila Jumapili," akasema. "Usiniulize mimi."

Shemeji yangu Amani, mdogo wake Elia, alikuwa ameketi pale sebuleni akisikiliza. Nilipokata simu nikamweleza.

"Shemeji, mtu wetu alale kihambani, kwenye migomba ya ukoo wake," akasema. "Mama naye anazeeka."

"Kule walimwimba, Amani. Uwanja mzima ulisimama ukataja jina lake. Hapa nani anamjua, nje ya sisi?"

Alichukua kofia yake, akanitakia usiku mwema. Nikabaki na neno langu mwenyewe mdomoni, na nilipopanda kitandani nilikuwa nimekwisha kuamua: Elia abaki na wenzake.

Basi nikaota.

Nilikuwa nimesimama katika uwanja wa majani mchana kweupe, na kondoo walikuwa wakila. Theluji ilikuwa juu milimani lakini sikusikia baridi. King'ora cha kiwanda kikalia, mlango mkubwa ukafunguka, wakatoka wanaume wengi, nyuzi za sufu zimewaganda kwenye nyusi. Waliwaswaga kondoo kwa upole, kama mtu anayeomba njia. Wawili walibeba pipa la rangi. Wakatumbukiza fulana zao, wakazitoa zikichuruzika, na rangi haikuwa nyekundu waliyoitaka. Ilikuwa ya zambarau iliyokolea. Wakatazamana. Mmoja akacheka, akavaa ya kwake ingali mbichi. Hapo nikajua niko wapi, kwa maana hadithi ya pipa lile, ya siku timu ilipoanzishwa, Elia alinisimulia mara nyingi.

Nageuka, naye yuko kando yangu. Amevaa suti ya mazoezi, soksi zimevutwa hadi magotini. Uso wake ni uleule, ila umetulia mno. Simkumbatii. Sijui kwa nini simkumbatii.

"Umekuja bila sweta," ananiambia.

Tunatembea. Kondoo hawapo tena. Kuna majukwaa ya mbao pande zote, na watu wamejaa hadi kwenye miti. Wanawake wa kiwandani wamevaa aproni zao, wanapuliza filimbi. Ni ule msimu mmoja wa ligi kuu, siku timu ya mji mkubwa ilipokuja kwa treni na kurudi imefungwa. Nahodha amefungwa bendeji kichwani, damu imepenya, na bado anaruka kupiga mpira kwa kichwa. Elia anatazama kama anayetazama harusi ya kaka yake. Midomo yake inataja majina ya wachezaji, polepole, mmoja baada ya mwingine.

Halafu filimbi zinanyamaza zote kwa pamoja. Majukwaa ni matupu. Wachezaji wamejipanga kwenye mstari wa katikati, na mtu mwenye sare ya jeshi anasoma majina. Anayetajwa anatoka mstarini na kuelekea kwenye theluji, ambayo sasa imeshuka hadi kwenye kona ya uwanja. Wanakwenda na jezi zao. Kipa anavua glovu, anaziweka juu ya mstari wa goli, anazitazama, kisha naye anakwenda. Ninasubiri warudi. Wanarudi wachache. Mmoja anarudi kwa magongo, anajipeleka moja kwa moja golini, anasimama pale akiegemea nguzo. Mchezo unaendelea na nafasi za waliobaki kule hazijazibwa. Mpira ukipita zilipokuwa nafasi zao, watu wanauacha utoke.

"Hawa nao wamelala pale na mimi," Elia anasema.

"Ndiyo maana nataka ubaki," namwambia. "Uko na wenzako."

Ananishika kiwiko, na mkono wake hauna uzito.

Sasa tumo ndani, katika chumba cha kubadilishia nguo. Nakijua, niliwahi kuingia siku moja kumpelekea chakula. Lakini wamo wote: wa pipa la rangi, wa filimbi, wa theluji, na vijana wa mwisho niliowafahamu, waliocheza bila mshahara hadi geti likafungwa. Nje kuna mashine zinabomoa jukwaa. Kila pigo linatikisa vumbi kutoka darini. Hakuna anayeshtuka. Wanavua jezi, wanakunja, wanavaa mashati ya nyumbani, wanachana nywele kwa maji.

Mlangoni sauti ya mwanamke inaita jina kwa lahaja ya bondeni. Mzee wa bendeji anainuka, anawapungia wenzake, anatoka. Sauti nyingine inaita, ya mtu wa milimani, nzito, kipa anainuka. Wanaitwa na mama zao, na dada zao, mmoja na mkewe anayemgombeza kwa kuchelewa. Wanatoka wakicheka kidogo. Benchi inazidi kuwa ndefu.

Anabaki Elia. Ameketi na viatu vyake vya njumu miguuni, kamba zimefungwa barabara.

"Vaa, Elia," namwambia. "Wenzako wanaondoka."

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Kila mtu anaitwa kwa lugha ya kwao," anasema. "Sijasikia Kimachame."

Nataka kumwita mimi. Lakini mimi ni wa Muheza, na Kimachame changu ni cha salamu tu, cha kumwamkia mama mkwe na kushukuru chakula. Nafungua mdomo, na hata salamu hazitoki.

"Walikuimba," namwambia. Ndilo neno pekee ninalolipata.

"Waliniimba. Nilifurahi, wala usiwaseme vibaya. Sasa wamekwenda."

Mashine inapiga tena. Mwanga wa jua unaingia kupitia ufa ukutani, unaangukia magoti yake. Anayatazama magoti hayo muda mrefu.

"Mtoto anakimbia?" ananiuliza.

"Anakimbia sana. Anawasumbua hata kuku."

"Mpira anaupiga na mguu gani?"

"Wa kushoto."

Anajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, nami nafurahi kwamba nimemchekesha. Halafu naona kwamba hacheki.

Nasogea nikae naye. Benchi ni ndefu, na kila ninavyosogea yeye yu mbali vilevile. Anashusha mikono. Ananitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, ananitazama hasa, kama alivyonitazama asubuhi ile akienda mazoezini.

"Mwambie mama aniite," anasema. "Sauti yake nitaisikia."

Ukuta ukaanguka bila kishindo, kukawa na weupe kila mahali.

Niliamka nimekaa. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, majogoo yanajibizana. Neema alikuwa ameloa jasho, homa imemtoka, amelala mdomo wazi. Nilimfunika shuka kavu, nikamwomba jirani amwangalie, nikavaa, nikapanda njia ya kwenda kwa mama mkwe. Sikuwa nalia. Nilikuwa naogopa nisije nikapoteza neno hata moja kabla sijafika.

Nilimkuta bandani, anamkatia ng'ombe majani ya mgomba. Nilimwamkia kwa Kimachame changu kibovu. Akaitikia, akanitazama miguu yenye umande.

"Mtoto?" akauliza.

"Mtoto mzima, mama. Nimemwota Elia."

Akaweka panga chini. Akakaa juu ya kigoda, akakunja mikono mapajani, nami nikapiga magoti kwenye majani nikamweleza yote: kondoo, theluji, wazee wa sufu wanaotoka mmoja mmoja, benchi. Mara mbili aliinua mkono ninyamaze, akavuta pumzi, akaniashiria niendelee. Nilipofika mwisho aliuliza kwa sauti ndogo:

"Alisema nimwite mimi?"

"Alisema hivyo, mama."

Tangu nimzike mume wangu mbali, mwanamke huyu hakuwahi kunilaumu kwa neno wala kwa jicho. Hata asubuhi ile hakunilaumu. Aliinuka akishika nguzo ya banda, akatoka hadi njia inapoingilia kihamba, mahali ambapo mtu huonekana akiwa bado mbali. Akaita. Aliita jina ambalo sikuwahi kulisikia, jina la utotoni nadhani, akalivuta kama wanavyowaita watoto waliochelewa mtoni. Aliita mara ya pili, na sauti ikamkatika katikati. Akasimama hapo ameelekeza sikio.

Aliporudi macho yake yalikuwa makavu. Nikamwambia kwamba leo hii nitampigia mzee Gino, na kwamba mwanawe atarudi, alale hapa.

Akatikisa kichwa kukubali. Akaokota panga, akalipangusa kwenye khanga.

"Mwambie Amani wachimbe kaburi refu," akasema. "Mwanangu alikuwa mrefu. Sitaki akunje miguu."

Nilijua kwamba mifupa husafirishwa katika kasha dogo la bati, na kwamba mimi ndiye nitakayelipakata njia nzima.

"Nitamwambia, mama," nikasema.