Santuri Iliyorekodiwa Gereji

Wateja walimwita Bati, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari yaliyobondeka, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Mchana kutwa alishika nyundo. Jioni, mafundi wenzake wakishaondoka, alishusha gitaa kutoka juu ya kabati la rangi, shemeji yake akakaa kwenye dramu, na gereji, iliyopakana na nyumba yao, ikaanza kutetemeka. Walipiga muziki wa roki wa kukwaruza, uliokolea bluzi, nyimbo za watu walioachwa na wapenzi na za magari yaliyogoma kuwaka.

Mkewe alifundisha chekechea na hakuwa na hamu na muziki huo. "Nashinda na watoto wanaopiga kelele," alisema, "nikirudi nakuta watu wazima nao vilevile."

Binti yao, fundi wa sauti, alipokuja likizo alining'iniza vinasa sauti kwenye mnyororo wa kuinulia injini.

"Pigeni kama siku zote, baba. Jifanyeni mimi sipo."

Alirekodi siku mbili tatu, kisha akapeleka kazi ile kwenye kiwanda kidogo ambacho bado hutengeneza santuri. Miezi ikapita. Boksi lilipofika, Bati alinawa mikono mara mbili kabla ya kuligusa. Kwenye jalada palikuwa na picha ya mlango wa gari uliobonyea.

Nyumbani hawakuwa na mashine ya kuchezea santuri. Jirani yao, mkunga mstaafu, alikuwa nayo, ila kwa muda mrefu ilikuwa meza ya kuwekea maua. Jumapili mchana wote wakaenda kwake. Mkunga akaondoa chombo cha maua, akapuliza vumbi, akashusha sindano. Ukasikika mkwaruzo, halafu gitaa.

Bati alikaa kwenye ukingo wa kiti kama anayesubiri majibu ya daktari. Upande wa kwanza ulikwenda salama. Upande wa pili ulikuwa na wimbo wa taratibu, na pale gitaa liliponyamaza kidogo, sauti ya mwanamke ikaingia kutoka mbali: "Jamani, chakula kinapoa. Au mtakula hizo nyuzi?"

Bati akamgeukia binti yake. "Wewe hukusikia?"

"Nilisikia, baba. Nikaiacha makusudi."

Shemeji alikuwa ameinama, anacheka hadi machozi yanamtoka. Mke wa Bati aliweka kiganja mdomoni, na Bati akajua leo kuna kesi.

"Huyo ni mimi?" mkewe aliuliza.

"Ni wewe, dada," mdogo wake akajibu. "Tena umeingia kwenye mdundo hasa."

Dada mtu akashusha kiganja. Kisha akamwambia mkunga, "Rudisha nyuma, mama. Sijasikia vizuri."

Mkunga akarudisha, na baadaye akarudisha tena. Mara ya tatu mke wa Bati alikuwa akitikisa mguu.

Wiki iliyofuata alipita gerejini akitoka kazini, akavua viatu, akajitupa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari la mteja. Bati akasitisha mkono juu ya nyuzi.

"Endeleeni," mkewe alisema. Wakaendelea. Baada ya muda akamkunjia uso mdogo wake. "Wewe unakimbia. Msubiri shemeji yako."

Shemeji akapunguza mwendo. Bati akainamisha kichwa juu ya gitaa ili wasimwone anavyotabasamu.