Nusu Saa ya Kwenda Mtoni

Nilizaliwa Mwankoko, pembeni mwa mji wa Singida, mahali ambapo ukiruka uzio wa nyumba ya mwisho unaangukia kwenye shamba la alizeti. Kwetu bomba lilikuwa uani. Kuna siku lilikuwa halitoi maji, tukaenda kwa jirani, tukapiga soga huko mpaka ndoo ikajaa. Basi nilipomaliza chuo na kupata kazi ya udadisi, kazi ya kupita kaya kwa kaya kuuliza watu wanaishije, sikuwa na wasiwasi. Nilidhani umaskini naujua. Niliuona kwa majirani, na miaka mingine niliuona mezani kwetu.

Tulipewa kishikwambi kila mmoja, kofia, na kitabu cha mwongozo kilichokuwa kinene kuliko vitabu vyangu vya chuo. Maswali yalikuwa ya mambo ya kila siku. Paa ni la nini, sakafu ni ya nini, choo kipo, jana mlikula mara ngapi, watoto wanasoma, maji mnayatoa wapi na mnatumia muda gani kuyafuata. Majibu yalikuwa yanakusanywa na kujumlishwa ili ijulikane kaya zipi zina hali ngumu zaidi, na kijiji kipi kianze kupata huduma ipi. Msimamizi wetu, mzee aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu zama za karatasi na penseli, alitufundisha jambo moja zaidi ya yote: anayejibu ni mkuu wa kaya. Akiwepo mkuu wa kaya, usimuulize mwingine.

Tulipangiwa vitongoji vya upande wa Issuna, wilaya ya Ikungi. Tulipanga vyumba karibu na gulio, na kila asubuhi tulitawanyika. Siku ya nne nilifika kwenye tembe moja lililojengwa chini ya majabali makubwa ya mawe, nyumba ya udongo yenye paa la udongo na nyasi zimeota juu yake. Mwenye nyumba, mzee mwenye mvi chache, alikuwa anasokota kamba. Mkewe alikuwa anapepeta alizeti kwenye ungo. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia, nikapewa kigoda.

Mzee alikuwa mtu wa kujibu vizuri. Hakuficha kitu. Aliniambia walikula mara moja jana, aliniambia punda wao alikufa mwaka uliotangulia, aliniambia mbuzi waliobaki ni wanne na mmoja mgonjwa. Tulipofika kwenye maji akasema wanachota mtoni, kwenye visima wanavyofukua mchangani.

Nikauliza, kwenda, kupanga foleni, kuchota na kurudi, ni muda gani.

"Nusu saa hivi," akasema.

Ule ungo ulisimama. Niliusikia ukisimama, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yameizoea ile sauti ya mbegu. Nikamtazama yule mama. Alikuwa anatazama mbegu zake. Na mimi, nasema ukweli, nilifurahi kupata jibu la haraka. Nilikuwa na kaya nyingine tano siku hiyo. Nikaandika thelathini, nikaendelea na swali la choo.

Nilipoaga, mama alinisindikiza mpaka kwenye uzio wa minyaa. Hapo akasimama, akazungumza kwa sauti ya chini, si ya kulalamika, ni kama mtu anayekukumbusha umesahau mwavuli.

"Mwanangu, ile nusu saa umeiandika?"

"Nimeiandika, mama."

"Hajawahi kwenda," akasema. "Kesho asubuhi nakwenda tena. Ukiwa na nguvu, njoo."

Nilitembea kwenda kaya iliyofuata nikijiambia mwongozo unajulikana, mkuu wa kaya amejibu, kazi imekwisha. Lakini kwenye kila kaya niliyoingia baada ya hapo nilianza kuona nani anajibu na nani ananyamaza. Jioni nikafungua kishikwambi na kupitia majibu yangu ya kitongoji kile. Nusu saa, nusu saa, dakika ishirini, nusu saa. Wote waliojibu walikuwa wanaume; wake zao walikuwa wamekaa karibu nao.

Kesho yake kulipopambazuka nilikuwa kwenye uzio wa minyaa. Mama alinipa dumu la lita kumi, yeye akachukua la ishirini, akanisokotea ngata ya kanga kuukuu ya kuwekea dumu kichwani. Niliangalia saa kwenye simu: saa kumi na mbili na dakika kumi. Tulikwenda. Tulipita mashamba ya uwele, tukapanda kati ya majabali, tukashuka, tukakuta akina mama wengine njiani na wasichana wenye sare za shule walioficha daftari ndani ya shuka. Mama alikuwa anatembea bila haraka, na mimi, binti niliyejiona nina nguvu, nilikuwa nyuma yake hatua kumi. Alizungumza Kinyaturu na wenzake na Kiswahili na mimi. Mimi Kinyaturu ninakisikia, lakini kukisema kunanipa shida, na walinicheka kwa hilo kwa wema.

Mto haukuwa na maji. Ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, na mashimo yenye kina cha kumfunika mtu mabega. Ndani ya kila shimo kulikuwa na mwanamke mmoja akichota kwa kikombe. Kikombe kimoja, kisha anasubiri maji yajikusanye, kisha kikombe kingine. Tulipanga mstari. Wale wasichana wa shule walikuwa mbele yetu, na nilijua kengele ya shule imeshagongwa. Zamu yetu ilipofika niliomba kuingia shimoni mimi. Vikombe vya dumu langu dogo nilivihesabu mpaka nikachoka kuhesabu.

Kurudi ndiko kulikonimaliza. Shingo ilikuwa inatetemeka, maji yananimwagikia mgongoni, na kila yanapomwagika roho inaniuma kwa sababu najua kila tone lilivyopatikana. Tulipofika uani niliangalia simu. Saa tano na robo. Mzee alikuwepo, anasokota kamba ileile. Aliniona nimelowa na dumu kichwani. Mama alimimina maji yangu mtungini, akaniambia nikae, akanipa uji.

Pale pale kwenye kigoda nikafungua kishikwambi, nikafuta thelathini, nikaandika dakika mia tatu na tano. Kishikwambi kikaweka alama nyekundu: jibu ni kubwa mno, hakiki. Nikabonyeza kwamba nimehakiki.

Kabla ya jua kugeuka msimamizi akanipigia, maana alama zile nyekundu zilikuwa zinamfikia yeye. Nikamweleza yote. Akanikumbusha kwamba mwongozo unasema anajibu mkuu wa kaya.

"Mzee," nikamwambia, "mkuu wa kaya hachoti maji."

Kisha akaniuliza kama nilipima mwenyewe, kwa miguu yangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama shingo inauma. Nikasema inauma. Akasema nimsubiri.

Alikuja kesho yake, na viatu vyake vya ngozi, akafuatana na bibi wa kaya nyingine kwenda mtoni. Sijui walizungumza nini njiani. Ninachojua ni kwamba alirudi na viatu mkononi, akakaa chini ya kivuli cha ukuta, akatuita wadadisi wote. Akasema maswali ya maji tutayarudia kitongoji kizima, kisha kijiji kizima, na tutamuuliza anayechota. Yeye ataandika maelezo ya kwa nini na kuweka saini yake. Mmoja wetu akauliza itakuwaje wakikataa huko juu. Akajibu kwamba wakikataa atawaalika waje na ndoo.

Tulirudia kwa siku tatu. Baadhi ya wanaume walishangaa kwa dhati. Hawakuwa waongo, walikuwa hawajui tu. Baba mmoja alishikilia dakika zake ishirini mpaka mama yake mzazi, ajuza wa kutembelea fimbo, akatoka ndani na kumwambia achukue ndoo aende, wao watamsubiri wamtazame. Hakuenda, lakini hakusema tena.

Miezi ikapita. Nilidhani habari imeishia kwenye makabati. Kisha nikaitwa niende kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, kwa sababu matokeo yalikuwa yanasomwa na msimamizi alitaka nisome mimi. Yaliandikwa kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji. Kwa paa na sakafu kijiji kilikuwa kama vijiji jirani. Kwa maji, kilikuwa cha mwisho kabisa katika vyote tulivyopita. Niliposoma muda wa kuchota, upande wa wanaume ulianza kunung'unika. Mwenyekiti wa kijiji, kwa upole, akauliza kama hakukuwa na makosa, maana mambo hayo yataonekana wilayani na ni aibu kwa kijiji.

Kabla sijajibu akasimama yule mzee wa kamba.

"Makosa yalikuwepo, na ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyesema nusu saa. Nimeishi na huyu mama miaka yote hii, sijawahi kubeba ndoo hata moja. Baada ya huyu binti kuja nilikwenda. Nilikwenda mara moja tu, nikalala siku nzima. Kilichoandikwa hapo ukutani ndicho."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitazama karatasi kwa muda, kisha akasema basi kijiji kikubali kilivyo, na kipeleke karatasi hizo wilayani kwa mikono miwili. Akina mama wakapiga makofi, si kwa kelele, kwa mdundo mmoja, kama wanaokubaliana jambo.

Kwa kuwa kijiji kilikuwa cha mwisho kwenye orodha ya maji, kikawa cha kwanza kwenye orodha ya kuchimbiwa kisima. Nilikuwepo mashine ilipofika, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Shimo la kwanza walilichimba karibu na ofisi ya kijiji, ambako kila mtu alipendelea. Lilitoa vumbi asubuhi na vumbi jioni. Akina mama waliokuja na ndoo wakaondoka nazo vichwani, tupu. Sijawahi kuona njia ndefu kama ile waliyopita wakirudi.

Mafundi wakapima upya na kusema mahali pazuri ni penye shamba la alizeti chini ya majabali. Lilikuwa shamba la yule mzee, na ndilo alilokuwa analitegemea. Alizeti zilikuwa zimeshatoa vichwa. Mwenyekiti akamwendea, watu wakamzunguka. Mzee alimgeukia mkewe mbele ya watu wote, akamuuliza, yeye anasemaje.

Mama aliliangalia shamba. Nadhani alikuwa anahesabu mafuta ya mwaka mzima.

"Wachimbe," akasema.

Wakachimba. Siku ya pili mchana, udongo uliokuwa unatoka mkavu ukatoka na unyevu, kisha ukatoka tope, kisha maji yakaruka juu ya mashine na kuwaangukia watu, machafu, ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyekimbia. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Msimamizi wangu, ambaye sikujua kama angekuja, alikuwa amesimama ndani ya lile tope na viatu vyake vya ngozi, amelowa mpaka kwenye ndevu, anafuta miwani kwa shati lililolowa zaidi ya miwani yenyewe. Mama alinishika mkono akaubana.

Baadaye maji yakasafishwa na kupimwa, yakawekewa pampu ya sola, tangi na vituo vya kuchotea katika kila kitongoji. Wanakijiji walichimba mitaro ya mabomba wenyewe, na wanaume ndio walioanza.

Mwaka huu tumepita tena kwenye vijiji vilevile kuuliza maswali yaleyale. Mwongozo mpya ni mwembamba kidogo kuliko ule wa zamani, na kwenye sura ya maji imeandikwa kwamba swali aulizwe anayechota. Sentensi moja tu. Niliisoma mara nyingi, nikaipiga picha nikamtumia msimamizi, ambaye siku hizi amestaafu na analima vitunguu. Alinijibu kwa neno moja: sawa.

Kaya ya mama ilikuwa kwenye orodha yangu. Alijibu mwenyewe, mzee amekaa pembeni anamsikiliza. Maji, dakika sita. Milo, mitatu. Wana bustani ya mchicha na nyanya nyuma ya nyumba, na kuku wamekuwa wengi hata hawezi kutaja idadi yao bila kutoka nje kuwatazama. Mwalimu wa shule aliniambia wasichana sasa wanawahi kengele. Mama mwenyewe ni mwenyekiti wa kamati ya maji, na amekwenda Ikungi mara mbili kusema mbele ya wakubwa. Nikamuuliza kama aliogopa. Akasema mara ya kwanza aliogopa, mara ya pili alisahau kuogopa kwa sababu walikuwa wanamchelewesha.

Nilipoaga alinifungia jogoo mwekundu miguu. Nikamwambia kazi yangu hairuhusu kupokea zawadi.

"Kazi yako imeshakwisha," akasema. "Umefunga hicho kimashine chako, nimekuona. Sasa nampa mwanangu."

Nikampokea kwa mikono miwili. Dereva wa bodaboda aliyenipeleka barabara kuu aliniuliza njia nzima kama namuuza, na mimi nikawa namjibu kwamba huyu hauzwi, nikicheka peke yangu nyuma yake, jogoo kwapani, upepo wa Issuna usoni.