Kopo la Mafuta ya Jana

Asubuhi ile Mama Mapovu alikwenda getini mara tisa, na mara zote tisa hapakuwa na aliyebisha. Alirudi uani, akainamia safu ya madumu, akagusa moja kwa kiganja kama anayempima mtoto homa, akanyooka, akaenda tena.

"Utatoboa ardhi," alisema jirani yake, fundi cherehani, aliyekaa kibarazani na suruali ya mtu mapajani. "Kaa, mwenzangu. Habari mbaya haingoji kufunguliwa geti."

"Sikai."

Habari yenyewe alikwisha kuipata. Mashine ya kusaga nafaka ilikuwa imesimama tangu juzi. Mipira ya kupitishia mafuta kwenye injini ilikuwa imevimba, ikalainika, ikapasuka, na mafuta yakamwagika mpaka chini ya magunia. Mzee mwenye mashine alikuwa ameapa kwamba hataki tena kuiona dizeli ya mafuta ya kukaangia, iwe imetengenezwa na nani. Saa sita mchana angekwenda kituo cha mafuta kupatana nao, na hapo ingekuwa basi. Na yule Mzee ndiye mteja pekee aliyekuwa akichukua dizeli ya Mama Mapovu, madumu mawili kila wiki, mwaka wa pili sasa.

Lakini dizeli iliyoharibu injini haikuwa yake. Ilikuwa ya shemeji yake, ndugu wa marehemu mume wake, aliyejulikana mtaani kwa jina la Profesa. Na jambo lililomfanya ashindwe kukaa ni neno alilolisema Profesa alipobanwa: "Mimi nilifuata njia ya shemeji yangu. Njia ni yake."

Mchuma janga hula na wa kwao, wamesema waliotutangulia. Huyu yeye alichuma peke yake, akala peke yake akashiba, maganda ndiyo akawaletea wa kwao.

Ili ujue kwa nini neno lile lilimkaa kooni, lazima ujue alikotoka nalo. Darasani alikaa miezi minne tu. Kisha mama yake akajifungua mapacha, akaitwa nyumbani ambebe mmoja, na hakuna aliyemrudisha. Alipoolewa alikaanga viazi kando ya barabara miaka kumi na minane. Mafuta yakichoka na kuwa meusi aliyamwaga mtaroni, mpaka siku mume wake, fundi wa injini, aliporudi na kusema kwamba mafuta yale yanaweza kuwa dizeli. Aliyemwambia ni ndugu yake. Profesa aliwahi kuosha chupa katika maabara ya shule, akatoka huko na maneno machache na kalamu mfukoni. Watu wakampa jina kwa mzaha, yeye akalipokea kama cheti.

Kazi haikuwa ya uchawi. Mafuta makuukuu yanachujwa, yanapashwa moto, yanatiwa spiriti kali ya viwandani iliyoyeyushwa soda kali ya kutengenezea sabuni ndani yake, yanakorogwa, yanaachwa yatuame. Chini hukaa utomvu mweusi, juu hukaa dizeli ya rangi ya asali. Ndugu wawili waliunda pipa lenye koili ya umeme na pampu. Wao walikoroga, yeye alichuja.

Mume alipofariki, Profesa alikuja na mkokoteni akalichukua pipa. "Hii ni kazi ya sayansi, shemeji, si ya jikoni," alimwambia kwa upole, na ule upole ndio uliouma. "Utaungua bure." Akamwachia chujio.

Mama Mapovu hakulia mbele yake. Alikusanya madumu, akaanza bila moto. Kuni hakuthubutu kuziwasha, maana mume wake alimfundisha kwamba spiriti ile ikishika moto mchana hata ndimi zake huzioni, unashtukia unaungua. Basi akafanya baridi, na baridi ikamtesa. Mafuta na spiriti ni kama wake wenza wasiosemezana. Ukiwatia chumba kimoja, mmoja anapanda juu, mwenziwe anakaa chini, kila mmoja na lake. Alitikisa dumu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, bega likavimba, na akiliweka chini tu, hao wameachana. Nusu ya kazi yake iligeuka uji wa sabuni. Uani kukawa na mapovu kila alipoosha vyombo, na jina likapatikana hapo.

Siku moja, kwa uchovu tu, hakuosha dumu. Ndani yake mlibaki dizeli kidogo ya juzi. Akamimina mafuta mapya juu yake, akatia spiriti, akatikisa mara chache akiwaza mengine. Alipotazama, ugomvi haukuwepo. Dumu zima lilikuwa na rangi moja, kama chai iliyokwisha kukolezwa maziwa. Kesho yake dizeli ilikaa juu, safi, na utomvu chini.

Wengine wangeshukuru wakaendelea. Yeye alikosa usingizi. Mtu aliyekaanga miaka kumi na minane huenda hajui kusoma kipimo, ila anajua kubadilisha jambo moja na kuyaacha mengine yalivyo. Alijaribu kijiko, akajaribu nusu kikombe, akajaribu kikombe. Ilimchukua miezi mitatu kujua kwamba kikombe kimoja cha dizeli ya jana kwa vikombe vitano vya mafuta ya leo kinatosha. Dizeli ya jana ilikuwa mshenga. Yenyewe imetokana na mafuta na spiriti, inajua kusema na pande zote mbili. Akawa anaiweka kando kila mara, katika kopo lenye picha ya brashi aliloliokota kwa fundi wa rangi. Alilipenda kwa sababu kifuniko chake hakivuji.

Kisha Profesa akaja kumsalimia. Gharama ya umeme wa pipa lake ilikuwa inamlemea, na alikuwa amesikia kwamba shemeji yake anatengeneza bila moto. Alikaa, akanywa maji, akamtazama akimimina kutoka katika lile kopo. Hakuuliza kitu. Angeuliza, pengine angeambiwa, maana udugu una ujinga wake. Aliyasoma maandishi ya kopo, akaaga. Haikupita muda akasimama pale mashineni akiwaeleza watu kwamba amegundua kitu cha kuyachanganya mafuta na spiriti bila moto, akakiita kiyeyusho, neno ambalo Mama Mapovu hakuwahi kulisikia, na Mzee akajaza tangi kwa dizeli ya Profesa, pipa zima.

"Nakwenda," Mama Mapovu alisema sasa. Alichukua kopo na kitambaa.

"Kufanya nini?" aliuliza fundi cherehani.

"Kabla ya saa sita nitajua."

"Basi vaa viatu vinavyofanana," alisema fundi bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

Mama Mapovu alitazama miguu yake, akarudi ndani.

Mashineni wanawake walikuwa wamepanga mabeseni ya mahindi na mtama mpaka nje, wakingoja injini ambayo hakuna aliyewaambia kama itawaka. Mzee alikuwa kwenye kigoda, mipira iliyopasuka imelala miguuni pake kama matumbo ya mbuzi. Profesa alisimama kando yake, kalamu mfukoni.

"Huyo hapo," alisema Profesa. "Mwulizeni mwenyewe."

"Shikamoo Mzee," Mama Mapovu alisema kwanza. Kisha akageuka. "Shemeji, leo njia ni yangu?"

"Tangu lini nimesema si yako?"

"Tangu siku ile ulipopanda juu ya gunia hapa ukawahutubia kina mama."

"Alipanda kweli," ilisema sauti kwenye foleni. "Na gunia lilikuwa langu."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. "Marahaba, mama. Mimi sina nafasi ya mambo ya ukoo wenu. Nauliza moja. Hilo kopo limeandikwa thina, kanisomea shemeji yako. Thina ya kuzimulia rangi. Ina maana miaka miwili umekuwa ukinitilia thina kwenye injini?"

Mama Mapovu alilitazama kopo. Miaka yote hiyo aliijua picha ya brashi, na maandishi aliyaona kama mapambo ya pembeni. Kumbe hayo ndiyo aliyoyasoma Profesa siku ile, akaenda dukani akanunua thina, akaimimina kwenye mafuta yake, bila shaka kwa mkono wa mtu mwenye haraka ya sifa. Kicheko kilimpanda, akakimeza kikawa kikali.

"Mzee, yamebaki mafuta yake kwenye tangi?"

Msagishaji, kijana wa kuendesha mashine, akaleta kidogo katika bakuli. Mama Mapovu alichovya pembe moja ya kitambaa, akaenda kwenye mlango wa kibanda cha mashine uliopakwa rangi ya buluu, akasugua. Buluu ikalainika, ikaja na kitambaa, ubao ukaanza kuonekana. Akageuza pembe nyingine, akafungua kopo lake, akachovya, akasugua pembeni mara zile zile. Mlango uling'aa tu, kama umepakwa mafuta ya nywele.

"Ule ni mlango wangu," alisema Mzee.

"Na ile ni mipira yako."

Mzee aliinuka, akanusa kopo, akatia kidole, akakisugua kwa kidole kingine. "Thina si hii. Sasa ni nini?"

Kabla ya kujibu, Mama Mapovu alimwona Profesa akitoa kalamu mfukoni.

Akapima njia mbili. Asiposema, Mzee ataondoka na shaka yake, na yeye atabaki na madumu yake uani. Akisema, ile kalamu itakunywa maneno, na kabla ya mwezi kuandama kutakuwa na kiyeyusho kingine cha Profesa. Pipa alichukua. Jina alichukua. Sasa amesimama kungoja kijiko cha mwisho, na ameliinamisha sikio kama mtu mwema. Mkono wake ulikuwa unafungua kifuniko na kukifunga, unafungua na kukifunga.

Akawapa mgongo wote wawili, akawakabili wanawake wa foleni.

"Kina mama, sikieni nyote. Ndani ya kopo hili ni dizeli yangu ya jana. Kikombe kimoja kwa vitano vya mafuta ya leo, kabla ya spiriti. Inayapatanisha yasikimbiane, huhitaji moto. Nimeijua mwenyewe, uani kwangu, baada ya kunyang'anywa pipa. Nani amewaambia?"

"Wewe," walisema wawili watatu.

"Kumbe kama mtindi," alisema mwenye gunia. "Unabakiza kijiko cha jana."

"Karibu na hapo. Ila hii haizai, inapatanisha tu."

"Mwenzetu, siri umeimwaga."

"Afadhali mkajua arobaini kwamba ni yangu, kuliko akajua mmoja akasema ni yake."

Profesa alikuwa bado na kalamu hewani. Mwenye gunia akamwambia, "Andika, baba. Anza na jina lake." Safari hii hata msagishaji alicheka.

Mzee aliangalia jua. "Kituoni nitakwenda," alisema. "Watu wana njaa, injini lazima iwake leo. Lakini Ijumaa niletee dumu moja. Moja, mama. Mipira nitaibadilisha, kisha nitaitazama wiki nzima. Ikivimba, tusijuane."

"Haitavimba."

"Nitatazama mimi." Akamgeukia Profesa. "Na wewe utanipakia mlango rangi."

Dumu moja, badala ya mawili. Aliondoka nalo hilo moja akilini, akilihesabu hatua kwa hatua kama mtu aliyepewa nusu ya haki yake na kuambiwa ashukuru. Nyuma yake alisikia, "Shemeji, kwa vitano ulisema, au kwa sita?" Hakugeuka. "Waulize hao mashahidi," alisema.

Fundi cherehani alikuwa pale pale, suruali nyingine mapajani. Alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Sasa utakaa?"

Mama Mapovu akakaa. Akauma uzi wa jirani yake bila kuombwa, akautupa, akachukua kisu. Kopo aliliweka kati ya magoti, akaanza kuikwangua ile brashi, kisha yale maandishi, herufi moja moja asizozijua, mpaka bati likabaki tupu. Alipomaliza aliinuka. Ijumaa ilikuwa bado siku tatu, na madumu yalikuwa hayajatuama. Akaenda kuyagusa.