Anayeita Nje ya Dirisha la Bweni

JUMATATU, Julai 14, 2025. Kibirichia imeamkia ndani ya ukungu. Manyunyu yanagonga mabati, na mashamba ya viazi ng'ambo ya ua hayaonekani kabisa.

Saa kumi na moja alfajiri, Jerusha Gatakaa anapita katikati ya vitanda vya bweni, tochi mkononi na shali mabegani. Hajaamsha mtu bado. Anakagua madirisha, akisukuma kila komeo kwa kidole gumba. Akifika dirisha la pembeni, linalotazama shambani, anasimama. Midomo yake inacheza. Anaomba.

"Hili ndilo ninaloliogopa," ananong'ona. "Bila Mungu, tochi hii ni kazi bure."

Gatakaa, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ni matroni katika shule moja ya sekondari ya wasichana hapa Buuri. Anawaamsha, anawauguza, anawapatanisha wakigombania ndoo. Tangu aanze kazi aliogopa moto na homa ya matumbo. Hakuwahi kuogopa kitabu.

Riwaya anayoiogopa sasa iliingia bwenini muhula huu ikiwa imevalishwa jalada la kitabu cha kemia. Inamhusu kijana mzuri wa sura aliyekufa, ambaye hurudi ukungu ukishuka na kumwita mpenzi wake dirishani. Wasichana waliipokezana mpaka kurasa zikalegea. Waliosubiri zamu walisimuliwa wakifua soksi.

Kisha wakabuni mchezo. Mmoja anatoka kunawa uso mapema, anarudi kwa kunyata hadi chini ya dirisha, anaita jina la mwenzake kwa sauti nzito. Anayeitwa akiitika papo hapo, basi huyo ndiye mpendwa wa yule marehemu.

Gatakaa aliusikia mchezo huo. Nyanya yake alimlea kwa katazo moja: ukiitwa kutoka kwenye ukungu, usiitike mara ya kwanza. Ngoja uitwe tena, maana nkoma, yaani mzimu, huita mara moja tu. Aliwaambia wasichana hivyo. Wakaangua kicheko.

"Matroni, huyo wa nyanya yako alikuwa wa kijijini," alitania Maxine, mwanafunzi wa kidato cha tatu. "Wetu ananukia marashi na anaomba ruhusa!"

Mwishoni mwa Juni, asubuhi yenye ukungu kama wa leo, sauti iliita jina la rafiki ya Maxine. Tutamwita Karimi, kwa kuwa ana miaka kumi na mitano tu. Karimi alidhani ni Maxine. Akaitika, akatoka kwa mlango wa jikoni ulio kando ya bweni, ambao mpishi alikuwa ameufungua ili kuingiza kuni.

Gatakaa alikuta kitanda kitupu. Alitoka mbio, na kando ya ua akaona kandambili moja. Akapenya kwenye pengo la michongoma, tochi ikimulika weupe mtupu, hadi alipomwona Karimi katikati ya matuta ya viazi. Mwanamume alikuwa amemshika mkono wa sweta.

"Alipoona tochi alimwachilia, akapotea," anasimulia Gatakaa. "Nilifikiri ni yeye, yule wa kitabuni. Kisha nikasikia pikipiki ikiwashwa. Mzimu hautii petroli."

Karimi hakuumizwa. Lakini kwa siku nyingi hakuweza kuitika jina lake, hata mwalimu alipomwita darasani. Polisi waliandika taarifa. Mtu huyo hajapatikana. Inaonekana alipita kando ya ua wakati wa mchezo, akayasikia majina.

"Analijua jina la mtoto," anasema Gatakaa, akilitazama dirisha. "Na bado yuko huko nje."

Jioni ya siku ile ya tukio alikitwaa kitabu kwa wasichana ili akitie kwenye jiko la jikoni. Mlango wa jiko ukiwa wazi, aliomba ulinzi, akafungua ukurasa wa kwanza. Kuni ziliisha akiwa bado anasoma. Aliogopa kutoka peke yake kwenda chooni.

Kesho yake alimuuliza Karimi, "Mama, mnampendea nini maiti huyo wa kitabuni?"

"Anamwita kwa jina lake, Matroni," Karimi alijibu polepole. "Halafu anangoja aambiwe ingia. Hapa mimi ni Kitanda cha Sita."

"Na wavulana wa stendi wanatupigia mluzi kama wanaita ng'ombe," akadakia Maxine.

Ni kweli, miaka yote amewaamsha kwa namba za vitanda. Namba ni rahisi, na wasichana ni wengi.

Leo mchana baba yake Karimi, mkulima wa viazi tutakayemwita Mzee Thuranira, amefika kumchukua mwanawe. Sanduku tayari liko kwenye ngazi ya bweni.

"Hicho kitabu kimeita shetani," anasema. "Mtoto wangu halali hapa tena."

"Mzee, aliyemwita ana pikipiki," Gatakaa anamjibu kwa upole. "Ukimpeleka akasomee shule ya kutwa, atatembea barabara gani ambayo huyo mtu hapiti?"

Thuranira anaitazama barabara. Kwa ukungu, haoni hata mti.

Mwalimu mkuu anaeleza kwamba pengo la ua limezibwa, na kwamba riwaya, badala ya kufichwa, itasomwa Jumamosi mchana, kwa sauti, katika bwalo, Gatakaa akiwapo. Mzee anatikisa kichwa.

"Ua nimeuona. Mtoto wangu je, nani ananiahidi?"

Gatakaa anawageukia wasichana waliojipanga mbele ya bweni. Ukungu umewafikia magotini.

"Karimi," anaita.

Maxine anamgusa rafiki yake kiwiko, lakini Karimi hafungui kinywa. Anamtazama matroni usoni, anangoja.

"Karimi."

"Naam, Matroni."

Mzee Thuranira anashusha pumzi na kuketi juu ya sanduku.

"Umefanya vyema kungoja, mama," anasema Gatakaa. "Ngojeni hivyo hivyo, nyote. Kuanzia kesho nitawaamsha kwa majina. Na ninyi mkiniita, iwe mchana au katikati ya ukungu, mimi nitaitika mara ya kwanza. Naahidi mbele ya Mungu, na mbele ya baba huyu."